Siwa Chini ya Kitanda

Siwa ya Bunge la jimbo letu, ile fimbo ya shaba ya mamlaka, ililetwa nyumbani kwa Mwalimu Onyemowo siku ya Jumapili, ndani ya gunia la unga wa muhogo, saa ambayo kila mwenye haya zake yuko kanisani. Yeye mwenyewe alikuwa kanisani. Aliporudi, kitabu cha nyimbo bado kikiwa mkononi, alimkuta mwanawe Adakole amepiga magoti chumbani kwake, nusu ya mwili iko chini ya kitanda na nusu nje.

"Umepoteza nini huko?"

"Sijapoteza kitu, Mama."

"Basi unatafuta nini?"

"Sitafuti."

"Basi toka."

Akatoka, shati jeupe limejaa vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mbunge mdogo kuliko wote ishirini na wanne wa jimbo, na mji huu ulikuwa umemchezea ngoma siku tatu alipochaguliwa. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa amesimama kuzungumza bungeni mara nne tu, zote kuhusu shule zisizo na paa. Wenzake walimwita Mheshimiwa Mabati. Sasa alisimama mbele ya mama yake akijipangusa magoti, na mama aliinama polepole, akavuta gunia, akalifungua. Taji la shaba likachungulia.

Onyemowo alilifahamu mara moja. Picha ya siwa ilikuwa kwenye kitabu cha uraia alichofundishia miaka ishirini na miwili akiwa mwalimu mkuu.

"Nani amekupa?"

"Mheshimiwa Ogaba. Dereva wake ameleta sasa hivi."

"Na wewe ukapokea."

"Mama, Ogaba ndiye aliyenilipia fomu ya kugombea. Naira milioni mbili. Mimi na wewe tungezitoa wapi?"

"Tungekosa. Watu hukosa vitu, Adakole, na hawafi."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Spika na kundi lake walikuwa wamepata kura kumi na sita, zinazotosha kumng'oa gavana, na walikusudia kumng'oa Jumatatu asubuhi. Ogaba, mbunge mwenzake Adakole, alikuwa mtu wa gavana. Hakupoteza muda kutafuta kura. Aliiondoa siwa, kwa sababu siwa isipokuwa mezani hakuna Bunge, kuna watu waliovaa vizuri tu. Fundi yeyote wa shaba pale sokoni angeweza kutengeneza nyingine kwa siku mbili, lakini kwetu wazo hilo halijawahi kumjia mtu kichwani.

Na kwa nini nyumbani kwa Onyemowo? Kwa sababu hakuna ambaye angetafuta kitu cha wizi kwake. Huyu ni mwanamke aliyewahi kutembea kwa miguu hadi ofisi ya elimu, maili sita, kurudisha maboksi mawili ya daftari yaliyoletwa kwa kuzidi. Alichapa watoto wa mji mzima kwa ajili ya kipande cha chaki. Mimi mwenyewe alinichapa mara tatu, mbili kwa haki.

"Ni siku tatu tu," Adakole alisema. "Gavana na Spika watapatana. Hupatana siku zote."

"Na wakija kuitafuta kabla?"

"Wakiikuta hapa, kiti sina. Na jela ninayo."

Mama akakaa kwenye kiti, mbali na kitanda. "Mimi ni Mmethodisti," alisema, "lakini hii ni nyumba ya marehemu baba yako. Alekwu, wazee wake waliotangulia, wanasikia kila tunalosema humu."

"Basi tuseme polepole," alisema Enuwa, mke wa Adakole, ambaye alikuwa mlangoni muda wote huo.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Onyemowo aliwaambia wazazi maneno hayo kila mwaka siku ya kufunga shule. Siku hiyo aliyakumbuka vizuri sana, na bado hakuitoa siwa nje.

 

Jumatatu redio ilitangaza kwamba wabunge waliingia ukumbini wakakuta meza tupu, wakasimama nusu saa wakitazamana, kisha wakaenda kula. Jumanne ilitangaza kwamba polisi wangepekua nyumba kwa nyumba. Adakole alipunguza sauti ya redio, halafu akaiongeza, halafu akaizima kabisa akabaki ameishika.

Kila asubuhi watu wa jimbo lake la uchaguzi walijaa uani kama ilivyo kawaida, huyu ana msiba, yule mwanawe amekosa nafasi ya chuo. Zamani Adakole aliwapokea kwa jina. Sasa kila mlango ulipogongwa aliruka. Mzee mmoja aliyekuja kuomba barua ya kumtambulisha mwanawe alimtazama akitia saini, kalamu ikicheza kwenye karatasi.

"Mheshimiwa unatetemeka. Ni malaria?"

"Ni malaria, baba."

"Ya nini kuumwa na wewe ndiwe serikali?" mzee akasema, na uani wote ukacheka. Adakole naye akacheka, akachelewa kunyamaza.

Alimpigia Ogaba simu mara kumi na moja siku hiyo bila kujibiwa. Mara ya kumi na mbili ilipokewa na mwanamke aliyesema Mheshimiwa yuko kwenye maombi. Jioni Enuwa alitwanga viazi vikuu akapika mchuzi wa okoho, ule ambao Adakole tangu utoto hakuwahi kuuacha. Chakula kikapoa mbele yake hadi mchuzi ukaganda.

"Kula," Enuwa alimwambia. "Mtu asiyekula ndiye anayeshukiwa."

"Mama amekula?"

"Mama hajalala, sembuse kula. Nimemkuta asubuhi ameketi palepale kwenye kiti."

Ilikuwa kweli. Onyemowo alikuwa ameshindwa kulala juu ya kitu kile. Alijaribu kujinyoosha ukingoni mwa kitanda akahisi kama kuna mtu amelala chini yake. Aliogopa polisi, ndiyo, lakini hilo halikuwa kubwa. Aliogopa kuulizwa. Tangu awe msichana, watu walimuuliza jambo wakaondoka na jibu lake bila kuuliza mwingine, na hakuwa na mali nyingine ya kumzidi mtu katika mji huu. Nyumba yake ilivuja. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa vya mwaka ule Adakole alipomaliza shule. Alikuwa na neno lake tu, na sasa mwanawe alikuwa amelilalia.

 

Walikuja Jumatano alasiri, askari wanne na Inspekta Ikwuje. Ikwuje alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alivua kofia tangu langoni, akainama kumsalimu Mwalimu kama alivyofanya kila walipokutana, njiani au sokoni, mbele ya wakubwa zake au peke yake.

"Mama, utatusamehe. Tumeamriwa nyumba za wabunge wote."

"Fanyeni kazi yenu."

Wakapekua sebule, jikoni, chumba cha Adakole na Enuwa, hadi ghala la viazi vikuu, wakitoa kimoja kimoja na kurudisha. Adakole alisimama ukutani chini ya kalenda, mikono nyuma. Enuwa aliwaletea askari maji kwenye sinia.

Mlangoni mwa chumba cha Onyemowo, Ikwuje akasimama. Alitazama kitanda kilichotandikwa shuka la maua, Biblia juu ya mto, kanga za kanisani zimetundikwa msumarini. Askari mmoja kijana alitaka kupita. Ikwuje akamzuia kwa mkono.

"Mama," alisema, "wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma."

"Na ulisoma vibaya."

"Ndiyo, Mama." Wote wawili wakatabasamu kidogo. "Mimi siwezi kuinua godoro lako mbele ya vijana hawa. Itakuwa nimekuvua nguo. Niambie wewe mwenyewe, niandike, niondoke. Siwa imo humu?"

Onyemowo akamtazama mwanawe. Adakole alikuwa anatazama sakafu. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, kama mtoto anayeomba swali lisimfikie. Jirani alikuwa anapasua kuni, na shoka liliendelea kusikika.

"Haimo," alisema.

Ikwuje akaandika. Akafunga daftari lake, akainama tena. "Asante, Mama. Tumekusumbua."

Gari lao lilipoondoka, Enuwa alikaa chini palepale kwenye saruji akaanza kucheka peke yake. Adakole alimjia mama yake mikono imenyooshwa.

"Mama, umeniokoa."

"Usiniambie hivyo."

"Lakini umeniokoa."

"Adakole, nimesema usiniambie hivyo." Akaingia chumbani akafunga mlango. Aliona aibu, aibu tupu, ambayo hakuwahi kuijua na hakujua mtu huiweka wapi.

 

Jioni ileile, kabla hata chai ya Onyemowo haijapoa, gavana na Spika walikaa meza moja nyumbani kwa askofu mmoja wakapatana. Nani alipata nini, sisi hatukuambiwa. Alfajiri ya Alhamisi dereva wa Ogaba alikuja kuchukua gunia. Alilitia kwenye gari, na kwa kuwa ni kijana na simu yake ni mpya, aliitoa siwa, akaipakata, akajipiga picha. Nyuma yake lilionekana lango la kijani la Onyemowo, namba ya nyumba ikisomeka bila miwani. Kufika adhuhuri picha ile ilikuwa imeingia kwenye simu ya kila mtu, na ya kila mtu aliyekuwa anadai hana simu.

Ijumaa Bunge likakaa, siwa iko mezani. Spika alisema imeokotwa kando ya barabara, Mungu ashukuriwe, na kwamba hakuna mbunge atakayeulizwa. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, hivyo kila mmoja akapewa chake kimyakimya. Adakole akapewa uenyekiti wa Kamati ya Elimu.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. "Mama, Elimu! Shule arobaini na tatu hazina paa, nazijua zote kwa majina. Sasa karatasi zinapita kwangu."

Huo ulikuwa ukweli, na Onyemowo aliyefundisha miaka mingi akiwafunika watoto kwa maturubai aliujua uzito wake. Alimshika mwanawe mkono. Wanawake wa kata walikuja kucheza uani na Enuwa akawagawia soda, lakini mwenye nyumba hakutoka.

Jumamosi alikwenda sokoni kununua samaki mkavu. Muuza samaki, ambaye watoto wake wanne walipitia mikononi mwa Onyemowo, alipokea noti yake ya naira elfu moja, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza.

"Unaitazama nini?" Onyemowo akauliza.

"Kawaida tu, Mama. Siku hizi noti bandia ni nyingi. Huwa natazama za watu wote."

Ya Onyemowo hakuwahi kuitazama. Wote wawili walilijua hilo, na samaki akafungwa kwenye gazeti haraka haraka.

 

Jumapili alasiri Inspekta Ikwuje alikuja tena, peke yake, kwa miguu, amevaa shati la raia. Aliinama kusalimu vilevile. Adakole alimkaribisha kwa sauti ya juu mno, Enuwa akaleta kokwa za kola za kumkaribisha mgeni kwenye kisahani, na Ikwuje akakishika kipande chake bila kukitia mdomoni.

"Wamenivua mkanda," alisema. "Kesho asubuhi nasimama mbele ya kamati ya nidhamu."

"Kwa kosa gani?" aliuliza Onyemowo, ingawa alikuwa anajua.

"Wanasema nilikula. Kwamba nililipwa nisikague chumba kimoja. Wanataja milioni moja, Mama. Mke wangu ananiuliza kila siku iko wapi." Alijaribu kucheka. "Miaka kumi na tisa kazini. Wakinifukuza hivi sasa, natoka mikono mitupu, na jina la mla rushwa juu yake."

"Pole sana, Inspekta," Adakole akasema. "Nitazungumza na watu."

"Mheshimiwa, watu ndio wametaka iwe mimi. Kuna picha, na lazima mtu mmoja alipie picha." Akamgeukia Onyemowo. "Nimekuja kwa jambo dogo, Mama. Uniandikie barua. Useme tu kwamba hukunipa kitu. Wewe ukiandika, watasikiliza."

"Andika, Mama," Adakole alidakia. "Si uongo. Hatukumpa hata maji ya kunywa zaidi ya yale."

"Ni kweli kabisa," Enuwa akasema. "Mistari miwili tu, jambo liishe."

Onyemowo akavuta daftari kutoka kwenye droo ya meza, akavaa miwani. Akaandika anwani pembeni, akaandika tarehe, akapiga mstari, kama alivyotufundisha sote. Kisha akaandika kwamba Inspekta Ikwuje hakupewa fedha wala kitu chochote nyumbani kwake. Kalamu ikasimama.

"Watauliza kwa nini basi hakupekua chumba changu."

"Kwa sababu alikuamini," alisema Adakole.

"Aliniamini nilipomwambia nini?"

Ikwuje akasogea mbele kwenye kiti. "Mama, hilo usijisumbue nalo. Ile picha, mimi nimewaambia wote pale kituoni kwamba ni ya kutengeneza. Vijana hutengeneza picha kwa simu siku hizi. Nimewaambia, Mwalimu Onyemowo aliniambia haimo, kwa hiyo haikuwamo. Wananicheka, lakini nimewaambia."

Alikuwa anamtazama usoni bila kificho chochote. Wakati wote huo, baada ya kuvuliwa mkanda, baada ya mkewe na milioni yake, alikuwa bado anamwamini. Onyemowo angependa zaidi kama angemtukana. Akaona atalia mbele ya mwanafunzi, akarudisha macho kwenye karatasi na kuandika bila kuinua kichwa.

Adakole alipita nyuma yake akasoma juu ya bega. *Aliniuliza kama siwa imo chumbani kwangu. Nilimwambia haimo. Ilikuwamo. Ililetwa na…*

"Mama!"

"Sijamaliza."

"Mama, unaandika nini? Amekuomba mistari miwili!"

"Mistari miwili haimwokoi. Itaonyesha tu kwamba mwongo na mla rushwa wanateteana. Lazima wajue alidanganywa, na ni nani aliyemdanganya."

Ikwuje alikuwa amesimama. Kola ilimdondoka. Alitazama uso wa mama, akatazama wa mwana, na kile alichokuwa amekibishia siku zote hizo kikamwingia taratibu. "Kumbe ilikuwamo," alisema.

"Ilikuwamo, Ikwuje. Futi mbili kutoka pale uliposimama."

"Mimi sikuomba hili, Mama."

"Najua hukuomba."

Adakole akapiga magoti kando ya kiti. "Nisikilize. Hii ni kamba shingoni mwangu. Kuna watu mle bungeni wanasubiri karatasi moja tu yenye saini. Kiti kitaondoka, nitafungwa, na Ogaba atasema hanijui. Shule arobaini na tatu, Mama. Nikitoka, nani atazipaua? Wewe ndiwe uliyekuwa unawafunika watoto kwa maturubai. Ni paa dhidi ya kazi ya mtu mmoja. Pima."

"Nimepima tangu Jumatano."

"Na?"

"Utaingia kwenye shule hizo uwaambie watoto nini?"

"Nitawaambia wakae ndani, mvua isiwanyeshee!" Sauti ilimkatika. Akanyoosha mkono, akaunyakua ukurasa kutoka kwenye daftari, akauchana mara mbili, mara nne, hadi vipande vikawa vidogo visivyoshikika. Akabaki amevikumbatia kifuani, anahema, machozi yanamtoka mbunge wetu. Enuwa aliuficha uso wake kwenye mlango. Mikono ya Ikwuje ilikuwa inatafuta kofia ambayo hakuja nayo, na alisema kwa sauti yake ndogo, "Mama, ngoja niende tu."

"Kaa, Ikwuje," alisema Onyemowo.

Hakukasirika. Alimfuta mwanawe shavu kwa kidole gumba, na alimpenda kiasi kwamba mkono ulikuwa mzito kurudi mezani.

"Chana, mwanangu," alisema. "Daftari lina kurasa themanini."

Akafungua ukurasa mwingine, akausawazisha kwa kiganja, akaanza tena kwa anwani na tarehe.